Kusoma Fedha, Benki na Sera ya Fedha Chuo Kikuu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa uchumi, hasa wa mwaka wa pili na wa tatu, wanapokutana na somo hili kwa mara ya kwanza. Majibu hayalingani kwa urefu. Pale ambapo wengi hukwama nimekaa zaidi, na palipo wazi nimepita haraka. Utaona nikirudia jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho: chora mizania, yaani orodha ya mali upande mmoja na madeni upande wa pili, kabla ya kuandika sentensi.

Somo hili linahusu nini hasa?

Lina vipande vitatu vilivyoshikana. Kwanza ni fedha yenyewe: ni nini, inatoka wapi, na kwa nini thamani yake hupanda au kushuka. Pili ni benki: zinapataje faida, zinabeba hatari gani, na kwa nini wakati mwingine huanguka kwa ghafla. Tatu ni benki kuu na namna inavyotumia riba na mizania yake kudhibiti mfumuko wa bei. Vipande hivi hufundishwa pamoja kwa sababu sehemu kubwa ya fedha tunayotumia ni amana zilizoandikwa kwenye vitabu vya benki za biashara. Benki kuu haiigusi bei ya kitu chochote dukani moja kwa moja. Inapitia kwenye benki hizo na kwenye masoko ya fedha.

Lina tofauti gani na somo la usimamizi wa fedha?

Usimamizi wa fedha huuliza kampuni au mwekezaji afanye uamuzi gani. Somo hili huuliza nini hutokea kwa uchumi mzima wote wakishafanya uamuzi wao. Hati fungani, yaani hati ya deni inayomlipa mwenye nayo riba hadi deni liishe, utaikuta kwenye masomo yote mawili, lakini maswali yake ni tofauti.

Nahitaji hisabati kiasi gani?

Kwa shahada ya kwanza, aljebra, logarithimu, jumla ya mfululizo wa kijiometri, kalkulasi ya mwanzo na takwimu hadi kufikia regresheni (kupima uhusiano kati ya vigezo) zinatosha. Ukielekea uzamili, mambo hubadilika, maana huko modeli za mabadiliko kadiri muda unavyokwenda ndizo lugha ya kila siku.

Lakini kinachowaangusha wengi kwenye mtihani si kalkulasi, ni asilimia. Riba ikitoka 4% kwenda 5% imepanda kwa pointi moja ya asilimia, na wakati huohuo imepanda kwa 25%. Ukichanganya hayo mawili, jibu zima linaharibika. Vivyo hivyo riba halisi: ukikopa kwa riba ya 12% na mfumuko wa bei ukiwa 9%, mzigo wako halisi ni karibu 3% tu. Hesabu kamili ni 1.12 kugawanya kwa 1.09, ambayo inakupa kama 2.75%. Zoea hesabu hizi mpaka uzifanye bila kusita, kwa sababu hadithi nyingi za sera ya fedha zinageuka juu chini ukisahau kutoa mfumuko wa bei.

Kwa nini mhadhara wa kwanza huanza na swali la watoto: fedha ni nini?

Kwa sababu jibu la haraka si sahihi. Watu wengi hufikiria noti na sarafu. Utafundishwa kazi tatu za fedha, yaani kulipia, kupimia thamani na kuhifadhi thamani, kisha utafundishwa vipimo vya ujazi wa fedha, yaani jumla ya fedha iliyopo katika uchumi, kuanzia kile chembamba hadi kile kipana. Hapo ndipo utakapoona kwamba noti na sarafu ni sehemu ndogo. Benki Kuu ya Uingereza ilipoandika kuhusu jambo hili mwaka 2014, ilieleza kwamba amana za benki zilikuwa 97% ya fedha pana nchini humo. Noti ni deni la benki kuu. Amana yako ni deni la benki yako kwako. Ukishakubali kwamba fedha ni deni la mtu fulani, utaanza kuuliza swali linalofaa: ni deni la nani, na ni mali ya nani?

Je, ni kweli benki hukopesha amana za wateja wake?

Hivyo ndivyo inavyoelezwa mara nyingi: mmoja anaweka, mwingine anakopeshwa, benki iko katikati. Chukua karatasi uone kinachotokea vitabuni. Piga mstari wa wima katikati. Kushoto andika mali za benki, yaani vile inavyomiliki na inavyodai. Kulia andika madeni yake pamoja na mtaji wa wenye hisa.

Mteja anaomba mkopo wa 500 na benki inakubali. Kushoto benki inaandika mkopo 500, maana sasa inamdai. Kulia inaandika amana 500 kwenye akaunti ya mteja huyohuyo, maana sasa anaweza kuzitumia. Tazama tena karatasi yako: hakuna akaunti ya mteja mwingine iliyopunguzwa hata senti moja. Pande zote mbili zimeongezeka kwa 500, na ujazi wa fedha katika uchumi umeongezeka kwa 500 palepale mkopo ulipoingizwa.

Sasa mteja anamlipa muuzaji mwenye akaunti benki nyingine. Katika benki ya kwanza amana zinapungua 500 kulia, na kushoto inapungua akiba yake iliyoko benki kuu, kwa 500. Katika benki ya pili akiba inaongezeka 500 kushoto, na amana ya muuzaji inaongezeka 500 kulia. Kwa hiyo benki moja ikijitazama yenyewe inaona kwamba ilihitaji akiba ili kulipa. Ukitazama mfumo mzima, ile amana mpya bado ipo, imehama tu. Siku mkopo unaporejeshwa, amana inafutwa kulia na mkopo unafutwa kushoto. Fedha ile haipo tena.

Fanya zoezi hili kwa mkono, hatua kwa hatua, mpaka likukae. Ni dakika chache, lakini linakuondolea mkanganyiko wa muhula mzima.

Mbona basi kitabu changu kina kizidishi cha fedha?

Kwa sababu ni modeli rahisi kufundisha na ina kitu cha kujifunza ndani yake. Inasema hivi: benki ikipata akiba ya 100 na sheria ikiitaka ibakize 10%, itakopesha 90. Hizo zitawekwa benki nyingine, ambayo itakopesha 81, na kuendelea. Ukijumlisha mfululizo wote unapata amana za 1,000, yaani 100 kugawanya kwa 0.10.

Hesabu ni sahihi. Tatizo ni mwelekeo wa sababu. Modeli inadhani benki kuu huamua kiasi cha akiba, kisha mikopo inafuata. Benki kuu nyingi leo huamua bei ya akiba, yaani riba, na kisha hutoa kiasi kinachohitajika ili riba hiyo ishike. Uingereza na Kanada hazina kabisa kiwango cha akiba cha kisheria, na Marekani ilikishusha hadi sifuri mwezi Machi 2020. Kama kizidishi kingekuwa ndicho kinachoendesha mikopo, kugawanya kwa sifuri kungetupa mikopo isiyo na mwisho, na hilo halikutokea.

Kwenye mtihani, ukiulizwa uoneshe kizidishi, kioneshe kikamilifu. Kisha ongeza aya moja inayosema masharti yake ni yapi na ni wapi yanavunjika. Wahadhiri wengi hutoa alama zao bora kwa aya hiyo.

Kama benki huunda fedha kwa kukopesha, nini huizuia kukopesha bila kikomo?

Mambo kadhaa, na kila moja lina uzito wake. Mkopaji lazima apatikane, awe tayari kulipa riba na awe na uwezo wa kurejesha. Mikopo ikiharibika, hasara inakula mtaji, na mtaji ni mdogo ukilinganishwa na mali zote. Fedha ikihamia benki nyingine, akiba lazima ipatikane kwa bei ambayo benki kuu ina usemi mkubwa juu yake. Kisha kuna kanuni za kimataifa zinazoandaliwa Basel, Uswisi, zilizoanza mwaka 1988 na kukazwa baada ya msukosuko wa 2008. Awamu ya tatu ya kanuni hizo inataka mtaji wa daraja la juu kabisa usiopungua 4.5% ya mali zilizopimwa kwa hatari yake, pamoja na nyongeza ya 2.5% ya kujihami.

Kwa maoni yangu mtaji ndio unaostahili kusomwa kwa makini kuliko vyote, na ndio wanafunzi huuelewa vibaya. Mtaji si fedha zilizofungiwa kabatini. Ni tofauti kati ya mali na madeni, upande wa kulia wa karatasi yako. Benki haiwezi "kuutumia" kulipa wateja. Inautumia kumeza hasara.

Kwa nini bei ya hati fungani hushuka riba inapopanda?

Hati fungani inaahidi malipo yaliyokwisha kupangwa. Riba ya soko ikipanda, malipo yaleyale yanakuwa na thamani ndogo zaidi leo, kwa kuwa mnunuzi anaweza kupata zaidi kwingineko. Chukua hati ya 1,000 inayolipa 30 kila mwaka, yaani 3%. Soko likidai 5%, hati iliyobakiza mwaka mmoja itauzwa kwa 1,030 kugawanya kwa 1.05, ambayo ni kama 981. Hati iliyobakiza miaka kumi itauzwa kwa kama 846. Ya kwanza imepoteza takriban 2%, ya pili zaidi ya 15%. Kadiri muda unavyokuwa mrefu ndivyo kidonda kinavyokuwa kikubwa. Shika tarakimu hizo, zinatumika kwenye swali linalofuata.

Inawezekanaje benki yenye hati za serikali, zisizo na shaka ya kulipwa, ianguke ndani ya siku mbili?

Tuchukue benki yenye mali za 10,000 na mtaji wa 800, jambo ambalo kwa macho ya kawaida ni salama. Nusu ya mali, yaani 5,000, iko kwenye hati za miaka kumi zinazolipa 3%. Riba ya soko inapanda hadi 5%. Kwa bei ya soko hati hizo zimepoteza kama 770, na mtaji uliobaki ni kama 30. Kanuni za uhasibu zinaruhusu hati zinazokusudiwa kushikwa hadi mwisho zisiandikwe kwa bei ya soko, kwa hiyo vitabu vinaweza kuonekana vizuri. Lakini wateja wakianza kutoa amana, benki italazimika kuuza, na ikiuza hasara inatoka mafichoni.

Hicho ndicho kiini cha kilichotokea Silicon Valley Bank huko Marekani. Benki kuu ya nchi hiyo ilikuwa imepandisha riba kutoka karibu sifuri mwezi Machi 2022 hadi zaidi ya 4.5% mwezi Februari 2023. Tarehe 9 Machi 2023 wateja walijaribu kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja, na kesho yake benki ikafungwa. Sehemu kubwa sana ya amana zake ilizidi kikomo cha bima ya amana cha dola 250,000, kwa hiyo kila mwenye akaunti alikuwa na sababu nzuri ya kutangulia mlangoni.

Hapa lazima utenganishe ukwasi na ufilisi. Kukosa ukwasi ni kuwa na mali za kutosha ila huwezi kuzigeuza fedha taslimu kwa wakati. Kufilisika ni madeni kuzidi mali. Kwenye makaratasi tofauti ni safi. Katika msukosuko, moja huzaa jingine kwa saa chache, kwa sababu kuuza kwa haraka hushusha bei. Douglas Diamond na Philip Dybvig walionesha mwaka 1983 kwamba hata benki nzima kabisa inaweza kuangushwa na hofu peke yake: kila mteja akiamini wengine wanakimbia, busara yake inamwambia akimbie pia. Walipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2022, pamoja na Ben Bernanke. Dawa zinazotajwa na modeli yao, bima ya amana na mkopeshaji wa mwisho (benki kuu inayokopesha benki zilizokosa fedha), ndizo ambazo nchi nyingi hutumia. Wazo la pili ni la zamani: Walter Bagehot alishaliandika mwaka 1873, kwamba wakati wa hofu benki kuu ikopeshe bila kubana, kwa riba ya juu, na kwa dhamana nzuri.

Riba ya benki kuu inamfikiaje mtu ambaye hajawahi kuingia benki kuu?

Riba hiyo ni bei ya fedha za muda mfupi sana kati ya benki na benki. Ikipanda, gharama za benki kupata fedha zinapanda, nazo hupandisha riba za mikopo mipya na za mikopo yenye riba inayobadilika. Kampuni inaahirisha kujenga kiwanda, familia inaahirisha kununua nyumba. Bei za hati fungani na hisa hushuka, na wenye nazo hujiona wamepungukiwa. Sarafu ya nchi mara nyingi huimarika, bidhaa za nje zinakuwa nafuu zaidi. Na juu ya yote kuna matarajio: watu wakiamini mfumuko wa bei utashuka, wanapanga bei na kudai mishahara kwa kiasi, na hiyo yenyewe inaushusha.

Haya hayatokei kesho yake. Athari kamili kwa bei huchukua miezi mingi, mara nyingi zaidi ya mwaka. Kwa hiyo anayeamua riba leo anaamua kwa ajili ya uchumi asiouona bado. Ukisoma taarifa za benki kuu ukiwa na hilo akilini, lawama nyingi za magazetini utazipima upya.

Kwa nini kushusha mfumuko wa bei kunaumiza?

Mfano unaofundishwa karibu kila chuo ni Marekani chini ya Paul Volcker, aliyeshika uongozi wa benki kuu mwezi Agosti 1979. Mfumuko wa bei ulifikia 14.8% mwezi Machi 1980. Volcker aliacha riba ya muda mfupi ipande hadi kufikia karibu 20%. Kufikia 1983 mfumuko ulikuwa umeshuka chini ya 4%, lakini njiani ukosefu wa ajira ulifikia 10.8% mwishoni mwa 1982, na viwanda na wakulima wenye madeni waliumia vibaya.

Maumivu hayo yana sababu. Watu walikuwa wameshazoea bei kupanda, mikataba ilishaandikwa kwa matarajio hayo, na ahadi za benki kuu zilikuwa zimevunjwa mara nyingi. Ilibidi ithibitishe kwa vitendo. Wengine wanasema ilikuwa lazima, wengine wanasema gharama iliwaangukia wasiokuwa na sauti. Ukiandika insha juu ya jambo hili, usiufiche upande mmoja. Watu milioni kadhaa walipoteza kazi, na hilo ni sehemu ya somo.

Uhuru wa benki kuu una umuhimu gani?

Finn Kydland na Edward Prescott walieleza mwaka 1977 mtego wenyewe: kila mwenye mamlaka ana kishawishi cha kuahidi mfumuko mdogo, kisha kulegeza sera ili ajira iongezeke kwa muda. Wananchi wanalijua hilo, hivyo hawaiamini ahadi, na nchi inabaki na mfumuko bila faida ya ajira. Kumpa mamlaka mtu ambaye hatafuti kura ni njia mojawapo ya kutoka. New Zealand ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1989 na kuwa ya kwanza kuweka lengo rasmi la mfumuko wa bei. Uingereza iliiachia benki kuu yake uamuzi wa riba mwaka 1997.

Mfano wa upande wa pili ni Uturuki. Kati ya Septemba na Desemba 2021 riba ilishushwa kutoka 19% hadi 14% huku bei zikipanda. Mwezi Oktoba 2022 mfumuko rasmi ulizidi 85%. Baadaye sera iligeuzwa, na kufikia Machi 2024 riba ilikuwa 50%.

Kwa nini serikali isichapishe fedha ikalipa madeni yake yote?

Inaweza, na zipo zilizofanya hivyo. Ujerumani mwezi Novemba 1923 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa marki trilioni 4.2. Hungaria mwezi Julai 1946 bei zilikuwa zikiongezeka maradufu kila baada ya saa 15 hivi. Zimbabwe ilitoa noti ya dola trilioni 100 mapema mwaka 2009. Lakini usiishie kwenye tarakimu za kutisha. Katika kila mfano, uzalishaji au mapato ya kodi yalikuwa yameshaporomoka kwanza: Ujerumani ilikuwa na fidia za vita na migomo ya Ruhr, eneo lake la viwanda, Hungaria ilikuwa imebomolewa na vita, Zimbabwe kilimo chake kilikuwa kimeanguka. Uchapishaji uliziba pengo la bajeti ambalo halikuwa na kitu kingine cha kuliziba.

Basi benki kuu zikinunua hati fungani kwa matrilioni, si ndiyo kuchapisha fedha?

Rudi kwenye karatasi. Benki kuu inanunua hati za 1,000 kutoka kwa mfuko wa pensheni. Mfuko unapoteza hati na kupata amana ya 1,000 katika benki yake. Benki hiyo inapata akiba ya 1,000 benki kuu, na inaandikiwa deni la 1,000 kwa mfuko. Benki kuu inapata hati kushoto na deni la akiba kulia. Ndiyo, fedha mpya imeundwa. Lakini mfuko haukutajirika kwa 1,000. Umebadilishana mali moja kwa nyingine, na kinachotarajiwa ni kwamba utaitafuta mali nyingine ya kununua, na hivyo riba za muda mrefu zishuke.

Japani ilianza mwaka 2001 na bei zake hazikuruka. Mizania ya benki kuu ya Marekani ilitoka chini ya dola trilioni 1 mwaka 2008 hadi kama trilioni 4.5 mwaka 2014, na mfumuko wa bei ukabaki mdogo. Baada ya 2020 hali ilikuwa nyingine: ununuzi uliambatana na matumizi makubwa ya serikali yaliyofika moja kwa moja mifukoni mwa watu, pamoja na upungufu wa bidhaa, na mfumuko wa Marekani ukafika 9.1% mwezi Juni 2022. Uzito wa kila sababu kati ya hizo bado unabishaniwa na wataalamu, na ni eneo zuri la kufanyia utafiti.

Benki kuu inaweza kufilisika?

Kwa maana ya kampuni, si kwa madeni ya sarafu yake yenyewe. Benki kuu za Chile na Jamhuri ya Cheki zimefanya kazi kwa miaka mingi zikiwa na mtaji hasi. Madeni ya fedha za kigeni ni habari nyingine kabisa.

Nielezwe kwa ufupi ule utatu usiowezekana.

Nchi haiwezi kuwa na vitu vitatu kwa pamoja: thamani ya sarafu isiyobadilika, mtaji (hapa ni fedha za wawekezaji) unaoingia na kutoka nchini bila kizuizi, na uhuru wa kupanga riba yake. Ichague viwili. Hong Kong imefunga sarafu yake kwa dola ya Marekani tangu 1983 na kuacha mtaji utembee, kwa hiyo riba yake hufuata ya Marekani. Uingereza ilijaribu kushika vyote, na tarehe 16 Septemba 1992 ikapandisha riba kutoka 10% hadi 12%, ikatangaza 15%, na jioni hiyohiyo ikajitoa katika mfumo wa sarafu za Ulaya.

Nifuate shule ipi ya mawazo?

Jifunze kuzifasiri zote. Mlinganyo wa wingi wa fedha, kwamba fedha zidisha kasi ya mzunguko ni sawa na bei zidisha uzalishaji, ni kweli kwa kila shule, maana ni utambulisho wa kihesabu. Ugomvi unaanza mtu anapodai kasi ya mzunguko ni tulivu. Mchumi Milton Friedman alijenga hoja zake juu ya utulivu huo, na miaka ya 1980 ulivunjika katika nchi kadhaa, ndiyo maana benki kuu ziliacha kulenga ujazi wa fedha na kurudi kwenye riba.

Kanuni ya mchumi John Taylor ya mwaka 1993 ni daraja zuri: riba iwe mfumuko wa bei, jumlisha 2, jumlisha nusu ya mfumuko uliozidi lengo la 2%, jumlisha nusu ya pengo la uzalishaji, yaani kiasi ambacho uzalishaji umezidi uwezo wa kawaida wa uchumi. Mfumuko ukiwa 5% na pengo likiwa 1%, unapata 5 + 2 + 1.5 + 0.5, yaani 9%. Linganisha na riba iliyowekwa kweli, kisha ujiulize kwa nini zimetofautiana.

Nisomeje ili nielewe na si kukariri tu?

Chukua taarifa mbili zinazofuatana za benki kuu yoyote inayochapisha kwa uwazi, ziweke ubavu kwa ubavu, na pigia mstari maneno yaliyobadilika. Sentensi iliyosema mfumuko "utabaki juu" ikigeuka "unatarajiwa kupungua", uamuzi wa mkutano ujao umeshaanza kuonekana. Katika Benki Kuu ya Uingereza wajumbe tisa wa kamati hupiga kura, na matokeo hutangazwa. Kura ya saba kwa mbili inakueleza mengi ambayo riba yenyewe haielezi. Andika ukurasa mmoja wa utabiri kabla ya mkutano, kisha uone ulipokosea na kwa nini.

Kwa upande wa benki, pakua hesabu za mwaka za benki moja. Tafuta mizania, jumla ya mali, mtaji, na sehemu ya amana zinazoweza kutolewa wakati wowote. Fanya upya hesabu ya swali la hati fungani kwa tarakimu zake.

Nikichagua tasnifu katika eneo hili, nianzie wapi?

Anzia kwenye swali dogo. "Athari za sera ya fedha kwa uchumi" si mada, ni maktaba nzima. "Riba za mikopo ya nyumba hufuata riba ya benki kuu kwa kiasi gani ndani ya miezi sita, na je, hufuata sawa ikipanda na ikishuka?" hiyo ni mada. Kabla ya kumpelekea msimamizi, hakikisha takwimu zinapatikana za kila mwezi. Takwimu za mwaka za miaka 20 zinakupa nukta 20 tu, na ukiweka vigezo sita kwenye regresheni, matokeo yako hayatasimama mbele ya mtahini.